Dakika Moja ya Kuhema

Kwa sisi tuliokulia Unguja na Pemba, Kidongo Chekundu huwa tusi kabla hujajua kwamba ni hospitali ya maradhi ya akili. Watoto wakigombana mtaani, anayetaka kumuumiza mwenzake humwambia arudi Kidongo Chekundu walikomtoa. Ndiyo maana asubuhi ile ya mwaka 2015 nilivaa baibui la dada yangu, nikateremka kwenye daladala kabla ya kufika, nikamalizia njia kwa miguu huku nimeinamisha uso. Mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari, namwomba Mungu nisikutane na mzazi wa mwanafunzi wangu.

Nilikuwa siwezi tena kupanda boti. Kwa mtu wa Wete, Pemba, anayefanya kazi Unguja, asiyeweza kupanda boti hawezi kwenda kwao. Ndege ipo, lakini mshahara wa ualimu haupandi ndege kila likizo, na huko juu nako hakuna mlango wa kutokea.

Jambo lenyewe lilinikuta mwaka uliotangulia, bahari shwari, safari niliyoizoea tangu utotoni. Tulipoingia mkondo wa Nungwi moyo ulianza kupiga kwa kishindo. Kifua kikabana, jasho la baridi likanitoka, mikono ikafa ganzi, na sauti za watu waliokaa ubavuni mwangu zikawa zinatoka mbali. Nilijua nakufa. Nilipiga shahada. Hali ile ilipita kabla hata hatujaumaliza mkondo, nikashuka Mkoani kwa miguu yangu, na hakuna abiria aliyejua kilichonipata.

Niliporudi Unguja nilikwenda hospitali moja ya mjini. Walinipima moyo kwa mashine, wakapima damu, wakapima na tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikizidisha kazi nayo huuendesha moyo mbio. Majibu yote yalikuwa mazuri. Nikaambiwa, "Huna kitu, dada. Punguza mawazo." Maneno hayo nayachukia hadi leo. Mtu aliyekwisha kupiga shahada ukimwambia hana kitu, unamwacha peke yake na jambo ambalo sasa halina hata jina.

Nalo halikubaki baharini. Likanifuata kwenye daladala iliyojaa, likanifuata Darajani sokoni, likanifuata mstarini asubuhi mbele ya skuli nzima. Nikawa nakaa karibu na mlango popote ninapoingia, mkobani mna chupa ya maji na ndimu ya kunusa. Duka la dawa walinipa diazepamu. Zilinituliza, kisha zikawa zinataka niziongeze. Mama alinipelekea kombe kutoka Wete, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nililinywa kwa imani, na sikubali mtu amcheke Mama kwa hilo. Alikuwa ananitibu kwa alichokuwa nacho, na zaidi yake hakuna aliyekuwa akinitibu.

Daktari wa Kidongo Chekundu alikuwa kijana, mpole, hana haraka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Ulikuwa wapi meli ilipozama?"

Hakutaja meli ipi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Nilitumwa Maisara, kwenye viwanja walikolazwa maiti ili watambuliwe, nikamtafute mjomba wangu. Hakuwamo, alichelewa bandarini na meli ikamwacha. Lakini mpaka habari hiyo itufikie nilikuwa nimekwisha kufunuliwa nyuso nyingi za watoto na mama za watu. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama tena MV Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe. Na mimi kwa muda wote huo niliendelea kusafiri. Nilijiona nimepona, nikasahau.

Aliniuliza kwa utaratibu. Nyuso zile hunijia bila kuziita? Huota? Nikipita Maisara hubadili njia? Mara chache sana, nilimjibu. Akanieleza kwamba wako wanaoishi na tukio lenyewe, likiwarudia usiku na mchana, na hao wana maradhi ya kiwewe; yangu ni mashambulio ya hofu, ambayo yamenifanya nikae nikilingojea la pili, na kule kungojea ndiko kulikonifungia ndani. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, ndiyo maana alikuwa akichunguza. Nikamuuliza kwa nini basi isiwe 2011, iwe miaka mitatu baadaye, bahari imetulia? Akanirudisha kwenye mwaka ule wa 2014. Baba alifariki mwanzoni mwake. Nilikuwa nasahihisha mitihani mpaka alfajiri kwa nguvu ya kahawa. Nilipanda boti ile mwili ukiwa umechoka vibaya. Halafu akauliza kama kwetu yuko mwingine mwenye tabu ya moyo kwenda mbio, maana mambo haya hutembea katika damu za watu. Nikasema simjui.

Kisha akaniandikia dawa, akanipeleka chumba cha pili kwa muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani. Nikamwamkia, akanikalisha, akaivua saa yake ya mkononi akaiweka mezani baina yetu.

"Sasa, mwanangu, uheme kwa mdomo, haraka na kwa nguvu, mpaka nikwambie basi. Dakika moja tu."

"Nitakufa, mama."

"Hufi. Mimi niko hapa. Kwanza niandikie unachoogopa kitatokea."

Nikaandika: nitazimia, nitapiga kelele, moyo utasimama. Akakiweka kikaratasi kando. Nikaanza kuhema, na haikuchukua muda. Ganzi ikapanda vidoleni. Midomo ikawa inachomachoma, kichwa kikawa chepesi, moyo ukaruka, na ukuta ulionielekea ukasogea mbali. Machozi yakanitoka kwa hofu. Nilitaka kusimama nikimbie, naye akatikisa kichwa tu, anaitazama saa.

"Basi. Kaa hivyo hivyo. Usifanye lolote. Nini kimekupata?"

"Ndicho hicho," nilimwambia. "Ndicho kile cha kwenye boti."

"Na boti iko wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Tulikuwa chumbani, dirisha liko wazi, nje kuna mtu anafagia. Akanivutia kikaratasi changu. Nimezimia? Nimepiga kelele? Moyo umesimama? Alikuwa amenifunga kipimo cha presha; akanionyesha kwamba imepanda. Mtu huzimia presha ikishuka, akasema, na hofu huipandisha, ndiyo maana wanaodhani watazimia kwa hofu ya namna hii huwa hawazimii ila kwa nadra. Alinieleza habari ya pumzi: ukihema kupita haja ya mwili, hewa ukaa hupungua katika damu, mishipa ya kwenda kichwani hubana kidogo, na hapo ndipo hutoka kizunguzungu; kupungua huko kwa hewa ukaa ndiko pia huleta ganzi ya vidole. Baiolojia hiyo nilikuwa nimeifundisha ubaoni. Sikuwahi kuihisi vidoleni.

"Una mlinzi wa usiku," aliniambia, "aliyekwisha kuibiwa mara moja. Sasa kila paka akipita anapuliza filimbi. Tatizo lako si filimbi. Kila akipuliza, wewe unakimbia nyumba, basi naye anaona kweli palikuwa na mwizi."

Nikamuuliza kuhusu kombe. Nilitegemea atakunja uso. Akasema, "Kunywa. Dua na vidonge havigombani. Lakini hiyo ndimu ya mkobani iache nyumbani, na mlangoni usikae tena." Hakusema nilivyotarajia. Ndimu ilikuwa inaniambia kila siku kwamba bila yake nimekwisha.

Tulirudia kuhema siku ile ile. Mara ya mwisho nilijikuta namhadithia yanayonipata wakati yananipata: sasa vidole, sasa kifua. Moyo ulikuwa unakwenda mbio nami nazungumza.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichopata. Adrenalini, homoni ya hofu, hutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo na kuuandaa mwili ama kupigana ama kukimbia. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, aliyaandika hayo mwaka 1915. Mashambulio ya hofu yalipewa nafasi yake yenyewe katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na mwaka 1986 David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza, akaeleza jinsi mtu anavyoisoma vibaya hali ya mwili wake mwenyewe, akaidhania kuwa kifo, na dhana ile ikaizidisha hofu. Yule mama hakunitajia jina lolote kati ya haya. Alinifundisha hayo hayo kwa saa ya mkononi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Nikiiona idadi hiyo huwafikiria wale wanaoambiwa hawana kitu.

Dawa niliyoandikiwa ilikuwa fluoksetini, dawa ya sonona ambayo hutibu na hofu. Nilionywa kwamba siku za mwanzo huenda zikanitia kiherehere, kwamba nafuu huja baada ya wiki kadhaa wala si saa kadhaa, na kwamba nisiikatize ghafla nikijiona mzima. Diazepamu tuliipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha. Huku nikipanda ngazi niliyopangiwa: kwanza kusimama bandarini Malindi nitazame wengine wakipanda, kisha mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu na kurudi, kisha boti ya Dar es Salaam. Kila hatua nilikaa ndani ya hofu mpaka ishuke yenyewe. Hilo ni gumu. Asikudanganye mtu kwamba ni mazoezi ya kupumua tu na kunywa maji.

Pemba nilikwenda likizo ya Desemba, kaskazi limeanza. Katika mkondo wa Nungwi moyo uliruka, nikauacha uruke. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa anatapika, nikamshikia mtoto wake.

Nilifika Wete magharibi. Baada ya kula, Mama alitaka kujua walinipa nini huko nilikokwenda, nami nikamhadithia yote, na nikamwonyesha kule kuhema. Alinitazama muda mrefu, mkono wake uko kifuani.

"Vidole vinakufa ganzi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na watu unawasikia wako mbali?"

"Ndiyo."

"Mimi hii ninayo tangu nilipokuzaa wewe," akasema. "Ndiyo maana siendi harusini. Baba yako alidhani ni maringo." Akanyamaza, kisha akauliza kama na watu wazima hutibiwa.

Nikamwambia hutibiwa.