Mwezi wetu ni ule wa angani

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulipanga bajeti kama watumishi wa serikali, tarehe 1 mpaka 30. Mimi naendesha bodaboda kijiwe cha Kirumba, Mwanza, mke wangu anauza dagaa pale soko la Mwaloni. Hakuna kati yetu anayepokea mshahara, sijui tuliiga wapi.

Hela ilikuwa inakatikia njiani, tukabaki kutiliana shaka. Mimi niliona vitenge vyake, yeye aliona nyama choma zangu. Siku moja nikakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, shilingi 100,000, kimya kimya, marejesho 5,000 kila siku kwa siku 26. Siku ya tisa nikakwama. Wakaja nyumbani nikiwa barabarani, wakabeba televisheni mbele ya mke wangu, ambaye hata hakujua kuna deni.

Niliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Baba Kulwa, hebu kaa," akasema, akafungua daftari lake la mzigo. Siku nyingi za mauzo, halafu pengo la siku kama kumi, kisha mauzo tena. Kurasa zote hivyo hivyo. Mapengo yale ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka angani, taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika. Hilo kila mtu wa ziwani analijua. Nisilolipigia hesabu ni kwamba abiria wangu wengi ni wachuuzi na wabeba mizigo wa Mwaloni hapo hapo. Hela zake zikikauka, na zangu zimekauka. Tulidhani tuna mifuko miwili, kumbe ni mmoja! Na lile deni nililichukua mbalamwezi inaanza.

Tukaanza upya na kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, 300,000. Siku za giza ni kama 20 kila mwezi, mara sita ni 120. Tukagawanya, ikatoka 2,500 kwa siku. Inaingia kwenye kibubu cha mbao kila jioni, nikishatoa hesabu ya bosi mwenye pikipiki. Mahindi na maharage tunanunua kwa debe giza likiwa bado lipo. Mbalamwezi ikifika hatuweki kitu kwenye kibubu, lakini hatukopi. Kikoba chake cha Jumamosi sikukigusa, kina wenyewe.

Televisheni haijarudi. Kodi imelipwa mara mbili bila kukimbizana.

Kinachotushinda mpaka leo ni michango ya harusi. Wiki iliyopita zilikuja kadi mbili, zote mbalamwezi, moja ya kwa shangazi yangu. Nikampa mke wangu simu, mimi aibu.

"Shikamoo shangazi. Mchango wetu tutauleta giza likiingia."

Shangazi amezaliwa Ukerewe, kisiwani huko ziwani. Akacheka tu, akauliza watoto hawajambo.