Glock 22 kwa risasi za 9mm: mchawi alikuwa ejekta

Hatimaye! Jumamosi maganda ya 9mm yametoka kwenye Glock 22 yangu (Gen 3, yaani toleo la tatu), bastola ya risasi za .40, yote kwa upande wa kulia. Hakuna lililokwama, hakuna lililonipiga kwenye paji la uso. Nilipiga mpaka risasi zikaniishia.

Wanaoniuliza kwa nini sikununua tu Glock 17, ambayo ni ya 9mm: napiga mashindano ya USPSA (chama cha kulenga shabaha kwa vitendo cha Marekani) kitengo cha Limited, na huko ukitaka alama za Major, zile za juu za risasi zenye nguvu, ni .40 kwenda juu na pawa fakta (uzito wa kichwa cha risasi mara kasi yake) 165. Risasi ya 9mm itabaki Minor, alama za chini, hata uijaze baruti vipi. Lakini mazoezi ya kila wiki kwa .40 hapa Texas yanakausha mfuko. Basi bastola moja, mitutu miwili. Na njia ni moja tu, kutoka kubwa kwenda ndogo: kitako cha ganda la .40 kina upana wa karibu milimita 10.8, cha 9mm ni 9.96. Slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) ya 22 inakipokea kitako kidogo, ila ya 17 haiwezi kumeza kikubwa. Mtutu nao uwe wa kubadilishia, nje mnene kama wa .40 na tundu la 9mm. Ule wa Glock 17 utachezacheza ndani ya slaidi hii.

Sasa ule ugonjwa. Mtutu uliingia vizuri, magazini za 17 zikaingia, risasi zikapanda chemba bila shida. Kutoka ndiko kulikuwa na balaa. Ganda linasimama wima mlangoni, au linarudi usoni kwangu. Pale uwanjani kila mtu alikuwa na dawa yake: kaza mkono, badilisha springi, tumia risasi nzito. Risasi nzito zilisaidia kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonikera zaidi, kwa sababu kilificha ugonjwa wenyewe.

Jibu lilikuwa kwenye vitako vya maganda. Nilivipanga mezani chini ya taa, kila kimoja nikikigeuza. Pale ejekta (kile kijino kinachogonga ganda lirukie nje) inapogonga, chini kushoto, kulikuwa na mkwaruzo mwembamba pembeni kabisa mwa ukingo, na vingine havikuwa na alama yoyote. Yaani ejekta ya .40 ilikuwa inalikosakosa ganda dogo. Nikaagiza ile ya 9mm, ambayo ncha yake inaingia zaidi kuelekea katikati. Kwenye Gen 3 inakuja pamoja na nyumba ya triga (kipande kinachobeba kifyatulio), kwa hiyo unabadilisha kipande kizima. Maganda ya Jumamosi yana kovu moja la wazi, mahali palepale kwa kila moja. Nimeyatazama kwa raha isiyoelezeka!

Kuhusu zana: pini za Glock zitoe kwa panchi ya plastiki, ya chuma inachubua fremu. 

Jambo la usalama ambalo sitaki mzaha nalo: magazini za 9mm zote nimezifunga utepe wa bluu chini, na boksi za .40 hazitoki garini siku ya 9mm.

Mpango ulikuwa nifuate ekstrakta (ukucha unaovuta ganda kutoka chemba) ya 9mm na springi laini. Nimeuweka kando, kwa sababu nimeagiza mtutu wa .357 SIG. Ile risasi ya mwaka 1994 ganda lake limetokana na umbo la .40, likabanwa shingo, hivyo kitako ni kilekile na magazini ni zilezile. Unabadilisha mtutu tu! Kwenye Limited haitanipa Major, kichwa chake ni cha kipenyo cha 9mm, na bei yake ni kali. Naitaka hivyo hivyo, shingo ile inapanda chemba kwa ulaini.

Kabla haujafika, wiki hii napiga .40 na ejekta mpya ikiwa ndani. Ikitupa vizuri, inabaki humo moja kwa moja. Ikikataa, nyumba ya zamani ya triga ipo kwenye droo, na nitakuwa naibadilisha kila kabla ya shindano.