Sukari ya mama ilivyoacha kuyumba
Asubuhi sukari ya damu ya mama 15 mmol/L, jioni 4, na dozi ya insulini, sindano yake ya kisukari, ni ileile. Tulibadili chupa, tukapunguza ugali na ndizi, wapi! Nesi wa kliniki hapa Moshi ndiye aliyempapasa mama tumbo taratibu kwa vidole: kando ya kitovu kulikuwa na vinundu laini, visivyouma, pale pale alipozoea kuchoma. Insulini ikiingia humo hunyonywa ovyo.

Sasa wiki hii anachoma kulia, wiki ijayo kushoto, kila sindano ikiachana na ya jana upana wa kidole. Ila jamani, ukihamia sehemu isiyo na vinundu, dozi ya zamani inaweza kushusha sukari mno. Daktari alimpunguzia kwanza, nasi tukapima mara kwa mara. Imetulia, namshukuru Mungu.