Boti yangu ilivyoota malengelenge

"Kaka, hiyo rangi tu. Kwangua, piga fila, paka." Ushauri huo wa fundi ulinila mwaka mzima.

Boti yangu ya faiba ni kuukuu, nimeinunua mkono wa tatu. Tulipoipandisha Mikindani kwenye bamvua, kuanzia mstari wa maji kwenda chini ilikuwa imejaa malengelenge, mengine kama sarafu ya mia mbili, mengine kama kiganja cha mtoto. Nikamsikiliza fundi. Nikapiga fila ya magari, nikapaka rangi nyekundu, nikajiona injinia. Tulipoipandisha tena yalikuwa yamerudi, yamekuja na ndugu zao.

Safari hii nikatoboa moja kwa bisibisi, uso nimeusogeza nione vizuri. Likanirushia maji jichoni! Nikakimbilia dumu huku nanuka siki. (Vaeni miwani.) Hapo ndipo nikaelewa: maji hupenya jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, polepole, huyeyusha masalia ya resini, ile gundi inayoshika faiba, yanakuwa makali, nayo yanavuta maji mengine mpaka ngozi inavimba. Mimi nilikuwa nimeyafungia ndani na fila juu.

Nikayafungua yote kwa grenda mpaka kwenye faiba ngumu. Kisha kuosha, kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, siyo ya bahari, na yakiwa ya moto yanatoa ule ukali haraka zaidi. Nikaazima sufuria ya pilau. Mke wangu akauliza kama boti inaolewa. Nikaosha wiki mbili, kila siku, mpaka harufu ikaisha.

Kukausha ndiko kulikonitesa. Kila mpita njia akigusa anasema, "Imekauka hii, mzee." Mimi nabandika kipande cha nailoni, tepu pande zote nne, naenda kulala. Kesho yake matone yako ndani. Juni matone, Julai matone, Agosti ukungu kidogo. Mwisho wa Septemba nikabandua nailoni kavu, nikaitembeza kijiweni kama cheti.

Mashimo nikayaziba kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, kisha mikono mitano ya epoksi tupu juu. Changanyeni kidogo kidogo. Kopo langu la kwanza nililichanganya saa sita mchana, likachemka na kutoa moshi mkononi. Epoksi ilitoka Dar kwa basi. Bei sikuandika popote, mke wangu anasoma.

Tumeishusha Novemba, kabla ya mvua. Yule fundi wa fila alipita siku ile, akaigongagonga kwa kidole, akatikisa kichwa: "Si nilikwambia ni rangi tu?"