Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Mchana kwenye Mtandao wa Faiba

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Mwenzangu wa usiku ananiachia kiporo kimoja: minara kadhaa ya simu inaingiliana mawimbi. "Dada, nimekagua nguvu ya mwanga kituo hadi kituo. Iko safi."

Saa 2:00. Kabla ya minara, kuna chaneli mpya ya kuwasha. Uzi mmoja wa faiba hubeba rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, kila moja na data yake. Tunaziita rangi ingawa jicho halizioni, maana ziko kati ya nanomita 1530 na 1565, zikiachana kwa gigahatsi 50 au 100. Leza mpya naipandisha taratibu. Kikuza-mwanga cha erbiamu huzigawia nguvu zake rangi zote zilizomo, hivyo ukiingiza moja kwa pupa, zilizokuwepo zinayumba. Naongeza nguvu kwa nusu desibeli, natazama spektra, yaani mchoro wa nguvu ya kila rangi, nasubiri itulie, naongeza tena.

Saa 4:00. Sasa minara. Wengi wakisikia faiba huwaza kasi tu; mimi nawaza saa, maana minara hii huipata saa yake kupitia faiba. Minara hii hutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo saa zake zisipishane na saa kuu kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5 kila upande. Zikizidi hapo, mmoja unatuma huku jirani yake anasikiliza.

Kuna mambo mawili ya kutenganisha. Mwendo wa saa, yaani inapiga kwa kasi gani, vifaa huuchukua kwenye mapigo ya biti zenyewe. Nakagua: umeshika barabara, hakuna alamu. Lakini wakati wenyewe, yaani sasa hivi ni saa ngapi, hupatikana kwa jumbe za kwenda na kurudi. Kifaa hupima safari nzima, hukigawa kipimo kwa mbili, na kuamini kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Mwendo mzuri, wakati mbovu: hapo nashuku urefu wa nyuzi.

Saa 6:00 mchana. Nampigia kiongozi wa mafundi wa njia. "Kaka, ule mkato wa kebo wa jana mliuunga vipi?" Ananieleza kwamba uzi mmoja wa jozi (mmoja wa kwenda, mwingine wa kurudi) uliharibika sana, wakaupitisha kwenye kebo ya akiba inayozunguka. Ule wa pili umebaki njia ya zamani.

Saa 8:00. Anapima nyuzi zote mbili kwa mwangwi wa mwanga. Tofauti ni mita 800. Mwanga hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita moja ya faiba, kwa hiyo upande mmoja umechelewa mikrosekunde 4, na kosa la saa ni nusu yake: 2. Data haikudhurika hata biti moja, ndiyo maana alamu zote zilinyamaza.

Saa 9:00. Naingiza fidia ya mikrosekunde 2 kwenye kifaa cha mwanzo baada ya kipande hicho. Tunailinganisha saa ya mnara mmoja na ya setilaiti: tofauti imeshuka chini ya nanosekunde 100. Mwingiliano unakoma.

Saa 11:00 jioni. Nakabidhi zamu. Kwenye daftari naandika kwa herufi kubwa: fidia hii iondolewe siku uzi utakaporudishwa njia yake, la sivyo kosa litarudi kwa upande wa pili. Nawaomba pia mafundi waandike urefu wa kila uzi peke yake, si wa kebo.