Tangawizi ya mzazi

Guangzhou, China, Jumapili usiku

Ngazi zote zinanuka siki, wiki ya tatu sasa. Ni chungu cha bibi anayekaa chini yangu. Mimba ya mkaza mwanawe ilipokuwa pevu, bibi alinunua tangawizi kapu zima, akaimenya, akaikaanga kavu kwenye karai, akaitia kwenye chungu cha udongo pamoja na siki nyeusi tamu. Tangu hapo kila baada ya siku chache anakichemsha, anakifunika, anakiacha. Mtoto akishazaliwa ndipo huingia mayai na miguu ya nguruwe, na kila anayekuja kutoa hongera hupewa bakuli lake.

Kazaliwa Alhamisi. Wa kike.

Nilimwuliza bibi, mbona tangawizi nyingi hivyo? Akanitazama kama mtu asiyekuwa na wazee kwao. Mzazi ametokwa na damu, akasema, mwili una baridi. Ukimpa tikiti maji au kaa sasa hivi, baridi hiyo atazeeka nayo.

Nikacheka peke yangu. Nyanya yangu wa Wete angemwitikia neno kwa neno. Kwetu mzazi hunyweshwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji moto, na nyanya hakubali akanyage sakafu peku mpaka arobaini itimie. Hapa huhesabu mwezi mmoja tu, na wenyewe huita hivyo hivyo, "kukaa mwezi".

Mimi nasomea famasia. Tabibu Sun Simiao, wa karne ya 7, aliandika kwamba maradhi yatibiwe kwanza kwa chakula, na dawa zije chakula kikishindwa. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza lilinikera kidogo, miye ninayeshinda nikikariri miligramu. Na bado siamini kwamba damu ya mtu hupoa. Lile katazo la kutoosha nywele mwezi mzima hata mzazi mwenyewe haliamini. Usiku wa kuamkia leo, saa nane, nimesikia mashine ya kukaushia nywele ikinguruma huko chini. Lakini bakuli lile lina mayai, lina nyama, na anayelila ameamriwa alale, wengine wafue. Hilo sina la kulipinga.

Leo bibi kanigongea mlango. Alikuwa amenichotea siki na tangawizi kabla nguruwe hajaingia chunguni, akanitilia yai moja la kuchemsha. Yai limekuwa jeusi kama halua. Nimelila nimesimama pale pale mlangoni: tamu, kali, na moto wake ulishuka mpaka tumboni.

Nikampigia mama simu kumhadithia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Pilipili manga wametia?"

"Hawakutia, mama."

"Ah. Basi huyo mzazi bado hajapikiwa."