Nilivyoifunga pampu yangu ya zamani ya insulini hapa Lubumbashi

Pampu ninayovaa ni MiniMed Paradigm 722, niliyoletewa na ndugu kutoka Brussels. Imo kwenye tangazo la Juni 2019 la FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani: mtu aliye karibu, mwenye ujuzi na kifaa cha redio, anaweza kuiamuru imwage insulini hadi sukari ishuke vibaya, au isimame kabisa hadi asidi ijae kwenye damu. Programu yake haisasishiki. Ushauri ulikuwa kuhamia pampu mpya, na hiyo mimi sina, basi niliifunga kadiri inavyofungika.

Nilianza na telekomande. Zile za MMT-500 na MMT-503 hutuma amri ambayo mtu anaweza kuinasa hewani na kuirudia baadaye. Kwenye menyu nilifuta namba zote za telekomande zilizoachwa na mwenye pampu wa kwanza, ndipo nikazima telekomande na bolusi ya haraka (bolusi ni dozi ya insulini inayotolewa kwa mara moja). Ukizima bila kufuta, siku mtu akiwasha tena, telekomande ya kale itakubaliwa.

Nilikata pia mawasiliano ya pampu na glukometa, kile kipima sukari. Hapo kuna gharama: kipimo nakiingiza kwa mkono, na 118 ikiandikwa 181 pampu itapendekeza dozi ya ziada. Nasoma namba mara mbili kabla ya kubonyeza. Bolusi ya juu kabisa, ambayo kiwandani huwekwa uniti 10, tuliishusha pamoja na daktari. Haimzuii mshambuliaji anayeweza kubadili mipangilio, lakini inazuia kidole kilichoteleza.

Namba ya pampu iko mgongoni, tarakimu sita, na redio huitambua pampu kwa namba hiyohiyo. Nimeifunika kwa plasta. Vijana wakitaka picha ya kuweka WhatsApp nawaambia, “Piga mbele tu, mwanangu.” Kifaa cha USB cha CareLink, kinachounganisha pampu na kompyuta, nakichomoa nikimaliza, na sikichomeki kamwe kwenye kompyuta ya cyber.

FDA ilipotoa tangazo haikuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhurika hivyo, kwa hiyo sishauri mtu aivue pampu kwa hofu. Ila kila usiku nalinganisha historia ya bolusi na daftari langu. Nikikuta dozi nisiyoitoa, nachomoa mpira mwilini kwanza, napima sukari, naweka maji ya sukari karibu, napima tena baada ya dakika 15, kisha nampigia daktari nikiwa na sindano na insulini ya kawaida mkononi, maana bila pampu mwili hauna akiba ya insulini.